Msumeno wa kwanza: kisa cha Jeffery ya .400

Raifo ya kisa hiki ni W. J. Jeffery & Co. ya London, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ya kupiga risasi ya .450/400 (namba hizi ni majina ya vipenyo, kwa sehemu za inchi) yenye ganda la urefu wa inchi 3. Kampuni yenyewe iliiita .400, na wawindaji wa Afrika Mashariki wakaifuata hivyohivyo. Mitambo yake imo ndani ya boksi la chuma. Triga ni mbili, ya mbele kwa mtutu wa kulia na ya nyuma kwa wa kushoto. Ni bunduki ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, enzi ileile Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa, Aprili 1909, akiwa na Holland & Holland ya .500/450 aliyozawadiwa na marafiki zake wa Uingereza. Holland ile ilikuwa bunduki ya fahari. Jeffery hii ilikuwa ya kazi: haikutiwa dhahabu, nakshi zake zilikuwa ukingo mwembamba wa majani na jina la mtengenezaji, basi. Aliyeinunua alilipia chuma safi na mikono ya mafundi.

Mwenye nayo leo ni mwindaji bingwa mstaafu wa Arusha. Aliipata kihalali kutoka kwa mtu aliyewahi kumwajiri, miaka mingi baada ya Kenya kufunga uwindaji mwaka 1977 na bunduki za namna hii kuanza kubadili mikono. Sasa ameacha pori, na wanawe hawawindi. Aliniletea mimi, fundi wa bunduki, niikague kabla ya kuuzwa, akiwa na maswali mawili: ina thamani gani, na je, agharimie kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani ili bei ipande? Jibu la swali la pili ni hapana. Sababu za hapana hiyo ndizo zilizonifanya niandike, kwa maana katika bunduki hii moja unaweza kufuata, hatua kwa hatua, jinsi badiliko moja lisilo la lazima linavyodai la pili, la pili likadai la tatu, mpaka kazi ya mafundi wa daraja la juu inabaki kipande huku na kipande kule.

Nilichokikuta juu ya meza ni hiki. Mitutu imefupishwa. Juu yake imefungwa darubini kwa skrubu nne. Chuma kimetiwa weusi mpya unaong'aa kama wa bunduki ya dukani. Kitako kimekatwa na kubandikwa mpira mnene mweusi, mbao imepakwa vanishi ngumu, na pande za boksi la mitambo zimechorwa nyati na simba wa dhahabu. Mtu asiyezijua bunduki hizi angesema imetunzwa vizuri sana.

Mitutu miwili, shabaha moja

Ukiitazama haraka utadhani mitutu iko sambamba. Haiko. Pima umbali kati ya matundu mawili kwenye chemba, yaani nyuma panapokaa ganda, kisha upime mdomoni, utakuta yanakaribiana kadiri yanavyokwenda mbele. Kinachosababisha ni teke, yaani bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa. Mtutu wa kulia uko kulia kidogo ya mstari wa bega. Ukifyatuliwa, bunduki nzima inainuka na kugeukia kulia wakati risasi bado inasafiri ndani. Wa kushoto unageukia kushoto. Mitutu ingekuwa sambamba, risasi zingeachana njia. Kwa hiyo mtengenezaji aliielekeza ndani, kiasi kilekile cha kufidia mgeuko huo, ili risasi ya kulia na ya kushoto zitue mahali pamoja.

Kiasi hicho hakipatikani kwa hesabu ya mezani. Mitutu inaunganishwa kwa lehemu laini ya bati na madini ya risasi, ikiwa na kanda mbili za chuma katikati yake, ukanda wa juu na ukanda wa chini, na mdomoni inapachikwa kabari ndogo. Fundi wa kuoanisha anapiga, anatazama karatasi, anayeyusha lehemu ya mdomoni, anasogeza kabari kwa upana wa unywele, anapiga tena. Anarudia hivyo mpaka mitutu ikubaliane. Na makubaliano yenyewe ni ya aina moja tu ya risasi. Kwa Jeffery hii ni greini 60 (gramu 4 hivi) za kodaiti, baruti ya zamani isiyo na moshi, zikisukuma risasi ya greini 400 (gramu 26 hivi), na kipimo hicho kimegongwa chini ya mitutu hadi leo, kinasomeka. Ndiyo maana raifo ya mitutu miwili siku zote imekuwa ghali kuliko ya bolti, yaani ya mtutu mmoja inayojazwa kwa kuvuta komeo. Sehemu kubwa ya fedha ile ni saa za fundi huyu.

Mitutu ya bunduki iliyoko mbele yangu ina inchi 22. Nyingi za aina hii zilitoka na inchi 24 au 26. Urefu peke yake hauthibitishi kitu, kwa kuwa mteja wa London aliweza kuagiza urefu aupendao. Ushahidi uko mdomoni. Kabari haipo. Mahali pake pamejazwa lehemu mpya, nyeupe, iliyosawazishwa kwa tupa, na nafasi kati ya mitutu ni pana kuliko inavyopaswa kuwa, kwa sababu pale siyo mwisho uliokusudiwa. Ni mahali palipokuwa katikati ya safari ya kukutana. Pete ya mkanda iliyo chini ya mitutu imebaki vidole vichache tu kutoka mdomoni, jambo ambalo hakuna kiwanda kingelifanya. Na msingi wa alama ya kulengea ya mbele umeshikizwa kwa skrubu mbili za kisasa.

Aliyekata hakuwa mzee wangu. Ni mmoja wa waliomtangulia, na sababu yake inaeleweka: bunduki fupi hupita vizuri vichakani, na haikwami mlangoni mwa Land Rover. Lakini msumeno ule uliondoa mambo mawili kwa pamoja. Uliondoa kabari iliyokuwa imeshikilia mitutu katika pembe yake, na ulifupisha muda wa risasi kukaa ndani ya mtutu, yaani muda uleule ambao mgeuko wa bunduki ulikuwa umehesabiwa. Chuma kilichoanguka chini ya jiliwa siku ile kilikuwa ndiyo hesabu yenyewe.

Mzee alikuwa na karatasi za shabaha alizohifadhi kwenye mkebe pamoja na leseni zake za zamani. Zinaonyesha kitu kimoja, mwaka hadi mwaka. Kwenye yadi 50, risasi ya mtutu wa kulia inatua kushoto, ya mtutu wa kushoto inatua kulia. Zinapishana, na nafasi kati yake ni zaidi ya viganja viwili. Kwa nyati aliyejeruhiwa ndani ya nyasi ndefu, hiyo ni tofauti kati ya moyo na tumbo.

Nilipomwonyesha mdomo wa mitutu na kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, miaka yote hiyo nililaumu macho yangu." Nikamjibu, "Mzee wangu, macho yako hayakuwa na hatia." Na hapo ndipo darubini ilipoeleweka.

Darubini

Aliifunga kwa sababu aliamini haoni vizuri. Fundi wa wakati ule, ambaye sina haja ya kumtaja, alichukua keekee akatoboa matundu manne kwenye ukanda wa juu, akayatia nyuzi, akafunga reli ya kisasa ya raifo ya bolti. Darubini ikakaa juu sana, shavu halifiki kwenye mbao, na uzani umehamia juu ya mitutu. Bunduki iliyotengenezwa ipande begani yenyewe bila mtu kufikiri imekuwa kitu cha kutafutia mkao. Kuhusu kupishana kwa risasi, darubini haikusaidia chochote, kwa kuwa kosa halikuwa machoni.

Kwenye karakana za zamani za Uingereza na Ujerumani darubini zilifungwa kwenye raifo za mitutu miwili, wala si dhambi. Zilifungwa kwa vishikizo vya makucha vinavyochomoka kwa kidole, vikakaa chini kabisa, vikashikizwa na fundi aliyejua ukanda una unene gani na mtutu unaanzia wapi. Fundi wetu hakupima. Tundu la pili kutoka nyuma limepita ukanda, limepita lehemu, limeingia kwenye ukuta wa mtutu wa kushoto, mbele kidogo ya chemba. Nilipima kina chake kwa pini na unene wa ukuta kwa kalipa. Chuma kilichobaki kati ya ncha ya skrubu na njia ya risasi ni chembamba mno kwa mtu kuweka uso wake karibu.

Ni kweli kwamba .400 haina shinikizo kubwa. Ganda lake ni refu na pana kwa makusudi, ili kodaiti, ambayo hupandisha shinikizo kwenye joto la nchi kama zetu, isifanye ganda lishikamane na chemba wakati mnyama anakuja. Huenda unafuu huo ndio uliomlinda mzee. Siuhesabu kama kibali cha kuendelea kuipiga.

Hapa suala la ladha linaisha na suala la usalama linaanza. Uingereza ina nyumba mbili za kupima mitutu: ya London, chini ya chama cha watengeneza bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Kila mtutu hupigwa huko kwa baruti nzito kuliko ya kawaida kabla ya kugongwa muhuri. Mtutu ukipunguzwa chuma kiasi cha kudhoofika, muhuri wa zamani hauhesabiki tena, na kwa sheria yao kuuza bunduki ya namna hiyo bila kuipima upya ni kosa. Mihuri ya Jeffery hii inasema ukweli kuhusu mitutu ambayo haipo tena.

Weusi unaong'aa

Mdomo ulipojazwa lehemu mpya, kazi hiyo iliondoa weusi wa pale, ukabaki mweupe wa chuma. Basi bunduki ikapelekwa kutiwa weusi mpya. Unaona mnyororo ulivyo.

Weusi wa asili wa mitutu hii ulikuwa wa kutu. Mtutu unasafishwa, unapakwa maji ya dawa yenye asidi, unaachwa kwenye unyevu upate kutu nyembamba, unachemshwa kwenye maji safi mpaka kutu igeuke nyeusi, unasuguliwa taratibu kwa brashi laini ya waya, kisha unarudiwa. Na kurudiwa. Kazi ya siku kadhaa, na matokeo yake ni weusi mzito usio na mng'ao, unaozama ndani ya chuma. Faida yake nyingine ndiyo muhimu zaidi: maji ya moto hayaidhuru lehemu.

Njia ya haraka ya kisasa ni kuchovya chuma kwenye chumvi za kostiki soda na naitreti zinazochemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Kwa raifo ya bolti, yenye mtutu mmoja usio na kiungo, ni njia nzuri. Kwa mitutu iliyolehemiwa ni sumu. Watu hudhani tatizo ni joto kuyeyusha lehemu, na kwa kuwa lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, hujiona salama. Tatizo ni kostiki yenyewe. Inaila lehemu, inapenya chini ya kanda kupitia kila upenyo, na ikishaingia haitoki kwa kuoshwa. Inabaki mle gizani ikivuta unyevu, na chuma kinaliwa kutoka ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa cha mafuta kinachofika.

Nilining'iniza mitutu kwa uzi kwenye ndoano yake na kuigonga kwa fundo la kidole. Mitutu iliyounganika vizuri hulia wazi, na sauti hukaa. Hii ilitoa mkwaruzo mfupi ikanyamaza. Kando ya ukanda wa chini kuna unga mweupe unaorudi kila unapoufuta, na mstari wa kutu nyekundu unaochungulia kwenye mshono. Ukanda huo umeachia. Kwa maoni yangu hili ndilo jeraha kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko tundu la skrubu, kwa sababu ndilo pekee ambalo bado linaendelea usiku na mchana bunduki ikiwa imefungiwa kabatini.

Tena kabla ya kuchovya walisugua. Gurudumu la kung'arishia limelainisha kila ncha. Herufi za jina la Jeffery kwenye ukanda zimekuwa kama zimeyeyuka, na pembe za boksi zilizopaswa kukata kwa jicho zimekuwa mviringo. Boksi lilipotoka London lilikuwa na rangi zake za kuchomwa ndani ya makaa ya mifupa: kijivu, kahawia, buluu, zikielea bila mpango. Rangi zile ni ngozi nyembamba tu juu ya chuma kigumu. Zikifutwa kwa miaka mingi ya kushikwa na mkono mmoja, zinaacha kijivu cha fedha kinachopendeza, na hakuna mkusanyaji mwenye akili anayekilalamikia. Zikifutwa kwa gurudumu, zinaacha utupu.

Utupu ule ndio uliojazwa nyati na simba wa dhahabu. Nyati ana shingo ya ng'ombe wa maziwa. Sitasema zaidi, ila kwamba nakshi za majani za mwanzo, zilizochongwa na mkono uliojua kusimama, zimebaki vipande viwili tu chini ya mguu wa simba, na vipande hivyo viwili vina uhai kuliko wanyama wote walio juu yake.

Kitako

Mitutu mifupi ina mdomo mwepesi, kwa hiyo bunduki inainuka kwa nguvu zaidi na kishindo kinakuwa karibu na uso. Mtu akaona teke limezidi. Kitako kikakatwa kutoa nafasi ya mpira, na mbao ya mjozi iliyokatwa haikutunzwa. Raifo nyingi nzito za enzi ile zilitoka kiwandani zikiwa na mpira mwekundu wa aina ya Silver, kwa hiyo mpira wenyewe si kosa. Kama ilikuwa lazima kuongeza kinga, kiatu cha ngozi cha kufunga kwa kamba kingetosha, na kingevuliwa leo jioni bila kuacha alama. Vanishi nayo imejaza mikato midogo ya pale mkono unaposhika, hivyo haishiki tena jasho linapotoka. Vanishi inatoka. Chini yake kuna mjozi mzuri wenye mishipa myeusi, uliozoea mafuta ya kitani, na hilo ndilo jambo pekee la furaha katika ukaguzi mzima.

Si kila badiliko ni uharibifu

Sipendi kuonekana kama mtu anayetaka bunduki zote zibaki kwenye vioo. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya India ilizuia bunduki za .450 zisiingizwe, kwa hofu kwamba risasi zake zingewafaa waasi waliokuwa na bunduki za jeshi za kipenyo hicho. Watengenezaji wakajibu kwa .470, .465, .475 No. 2 na .476, na zipo .450 zilizobadilishwa ili zikidhi sheria. Ukikutana na moja iliyopewa mitutu mipya na mtengenezaji wake, ikaoanishwa upya na kugongwa mihuri mipya, unashika historia halali. Vilevile pembe ya ngiri iliyowekwa na fundi wa kambini kuwa alama ya kulengea usiku, au kitako kilichofungwa waya wa shaba baada ya kupasuka porini, mimi sivigusi. Mtu alikuwa na kazi mbele yake, akafanya kinachowezekana bila kuondoa alichokikuta. Tofauti yake na aliyeshika msumeno iko hapo: wa msumeno aliondoa kitu asichokijua kazi yake, mahali ambapo hakingeweza kurudi.

Tulichoamua

Mzee alikuja na fikra ya kuchoma upya rangi za boksi, kuchonga upya jina, kutoa wanyama wa dhahabu na kuongeza urefu wa mitutu. Nilimshauri aache yote manne. Kuchoma boksi upya kunaweza kulipinda, na chuma kilichopinda hakifungi tena mitutu vizuri. Kuchonga jina upya ni kuandika kwa mkono wa leo kitu kinachojifanya cha mwaka 1905 au 1910, na mnunuzi mjuzi huona mara moja. Kutoa dhahabu kunahitaji kusugua tena, na pale hakuna chuma cha kusugua. Mitutu mipya inawezekana, ila gharama yake inazidi thamani ya bunduki nzima, na mwishowe una raifo mpya yenye boksi la zamani. Anayerudisha uzuri kwa kuondoa chuma zaidi yuko kwenye mnyororo uleule, ni pete moja tu imeongezeka.

Kilichofanyika ni kidogo. Darubini na reli zimetolewa, matundu yamezibwa kwa skrubu fupi zisizogusa mtutu, ili vumbi lisiingie. Vanishi imeyeyushwa kwa dawa na kufutwa kwa kitambaa, bila msasa, na mjozi umepewa mafuta. Kanda hazikuguswa. Kazi ya kuzivua, kuosha kostiki, kuzilehemu upya na kuoanisha mitutu kwa urefu wake wa sasa ni ya karakana yenye uzoefu wa raifo za mitutu miwili, na lazima imalizikie kwenye nyumba ya kupima. Huyo atakayenunua ndiye atakayeamua kama inafaa. Wajibu wetu ulikuwa asidanganywe.

Uuzaji unafuata taratibu za kibali za polisi kama silaha nyingine yoyote. Maelezo tuliyoyaambatisha, mzee akayasoma na kuyakubali neno kwa neno, yanasema: mitutu imekatwa kutoka urefu wa awali na haioani, ukanda wa chini umeachia, mtutu wa kushoto umetobolewa karibu na chemba, weusi, nakshi za wanyama na mpira wa kitako si vya mtengenezaji, isipigwe kabla ya kukarabatiwa na kupimwa upya. Bei niliyopendekeza ni ya boksi, mitambo, triga na mbao. Mitutu nimeihesabu sifuri.